Mwenye Lango Hana Haja ya Kutoa Amri

Aprili 2022 Uber, kampuni ya kuitia usafiri wa gari kwa programu ya simu, ilizima huduma zake Tanzania. Muda mfupi kabla ya hapo LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilikuwa imetoa utaratibu mpya wa nauli ulioweka ukomo wa kamisheni ambayo kampuni za aina hiyo zingemkata dereva: asilimia 15. Uber ikasema kwa kiwango hicho haiwezi kufanya kazi, ikaondoka. Haikufunga gereji wala kuuza gari hata moja, kwa sababu magari hayakuwa yake. Magari yalibaki Dar es Salaam, madereva wakabaki, abiria wakabaki. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kikimkutanisha abiria wa Mikocheni na dereva aliyeegesha Mwenge. Mwishoni mwa mwaka huohuo LATRA ikarekebisha utaratibu wake, ukomo ukapanda hadi asilimia 25, na mapema 2023 Uber ikarudi.

Tukio hilo linastahili kutazamwa vizuri kuliko lilivyotazamwa wakati ule. LATRA ilikuwa na kila tunachokiita mamlaka: sheria, leseni, faini, askari barabarani. Kampuni haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ilijiondoa tu, na kujiondoa kwake kukawa na uzito kuliko amri ya mdhibiti. Aliyeumia katikati ni dereva, yuleyule ambaye ukomo wa asilimia 15 uliwekwa ili kumlinda. Sisemi LATRA ilikosea kutaka makato yashuke. Madereva walikuwa wakiyalalamikia makato hayo kwa muda mrefu, na walikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba tuliingia kwenye mvutano huo tukidhani anayetawala ni mwenye muhuri.

Katika jiji la watu zaidi ya milioni tano, kwa hesabu ya sensa ya 2022, ambalo riziki ya wengi inapita kwenye simu, utawala umehamia mahali pengine. Umehamia kwa anayeweka masharti ya kuingia kwenye mtandao, awe kampuni, serikali au kikundi cha watu wa kawaida, na anayeweza kukutoa bila kukueleza sababu. Huyo hahitaji kukuamuru chochote. Na ukitaka kujua nguvu zake zimefika wapi, uliza swali moja: akikutoa, una pa kwenda?

Nianze na mtandao ambao hauna kompyuta yoyote ndani yake. Nenda kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, Sinza au Mbagala Rangi Tatu. Kwa mgeni panaonekana ni kundi la vijana na pikipiki zao chini ya mwembe. Kumbe pana kiingilio, pana mwenyekiti na katibu, pana daftari, pana foleni ya kupakia, pana faini kwa anayeruka foleni, pana mchango wa msiba. Ukipaki pikipiki yako hapo bila kujitambulisha, utaambiwa uondoke, na usipoondoka kwa maneno utaondoka kwa njia nyingine. Vijiwe vinaonea. Kijana asiye na ndugu wala rafiki wa kumpokea anaweza kuzungushwa hadi akakata tamaa, na kiingilio alichotozwa mwenzake si lazima kiwe ndicho atakachotozwa yeye. Sipendi kuvipamba.

Lakini angalia kinachotokea mwanachama anapofukuzwa. Anamfuata mwenyekiti, ambaye anajua anakoishi na pengine alimtembelea mkewe alipojifungua. Anamuuliza, "Mwenyekiti, kosa langu nini?" Mwenyekiti lazima ajibu kitu, hata kama ni uongo, na uongo wenyewe utapimwa mbele ya wengine kwenye kikao cha jioni. Mzee mmoja anayeheshimika pale anaweza kusema msameheni, mpigeni faini, arudi. Uonevu wa kijiwe una sura, na chenye sura unaweza kukijibu. Ikishindikana kabisa, kijana anavuka barabara, anaanza upya kwenye kijiwe kingine na uzoefu wake anao.

Sasa mchukue dereva wa gari aliyejiunga na programu ya kuitia usafiri. Gari si lake, ni la bosi, na kila jioni bosi anataka hesabu yake. Asubuhi moja anawasha simu anakuta akaunti imefungwa. Ujumbe unasema amekiuka vigezo. Vigezo vipi, safari ipi, abiria yupi, haujasema. Akipiga simu anaambiwa aandike barua pepe. Akiandika anajibiwa kwa maneno yaleyale ya kwenye ujumbe wa kwanza. Huenda abiria alidai kitu ambacho hakikutokea. Huenda nyota zake zilishuka kwa sababu wiki ile mvua ilinyesha, barabara ya Jangwani ikajaa maji na kila mtu akafika amechelewa na hasira. Hatajua. Wakati huo bosi hataki hadithi, anataka hesabu, na kama mambo hayatengemai kesho ufunguo atapewa mwingine. Wapo wanaoendelea kuendesha kwa akaunti za kuazima, wakimgawia mwenye akaunti sehemu ya wanachopata, na hapo abiria anapanda gari la mtu ambaye si yule wa kwenye picha. Hivyo ukali unaosemekana ni wa kumlinda abiria unaishia kumweka mahali pabaya zaidi.

Na kumbuka dereva huyo hajawahi kuamrishwa jambo. Hakuna aliyemwambia alale saa saba usiku. Bei tu hupanda saa fulani, bonasi hutolewa ukifikisha safari kadhaa, rikwesti hupungua ukizikataa. Anajipangia mwenyewe kulala saa saba usiku. Msimamizi wa zamani alikuwa na sauti, ungeweza kumkasirikia. Huyu wa sasa anapanga mazingira na kukuacha uchague, halafu uchaguzi unaitwa wako.

Nisije nikaeleweka kwamba shida ni teknolojia ya wageni. Sisi wenyewe tunaendesha mitandao yenye mkono mzito, na hakuna aliyetufundisha. Kila aliyewahi kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi anajua. Hukuombwa ruhusa, umeamka umo ndani. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, na kuna orodha. Orodha ndiyo serikali ya grupu. Jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Fulani aliahidi laki moja, kalipa hamsini. Kila anapolipa mtu mmoja, orodha yote inanakiliwa na kubandikwa upya, na jina lako linapita tena mbele ya shemeji, wafanyakazi wenzako na mama mkwe wa mtu, likiwa na sifuri pembeni. Hakuna aliyekudai. Mweka hazina ameandika tu, "Ndugu zangu, tunawashukuru waliokamilisha." Ukijitoa, grupu zima linaona maandishi madogo kwamba umeondoka, na siku ya harusi yako mwenyewe au ya mwanao utakumbushwa. Watu wamekopa ili kufuta sifuri ile. Ninaijua nguvu hiyo kwa sababu nimeitii mara nyingi kuliko nilivyotii barua yoyote ya ofisi.

Orodha hiyo inafanya kazi kwa sababu mbili: kila mtu anamwona mwenzake, na kutoka kuna gharama kubwa kuliko kubaki. Wenye programu za mikopo ya simu walielewa hilo kuliko wachambuzi wengi. Mtu anakopa elfu hamsini ya haraka, anapakua programu, anabonyeza kukubali bila kusoma, na moja ya aliyoyakubali ni programu kusoma majina yote kwenye simu yake. Siku marejesho yakichelewa, ujumbe unamfikia bosi wake, mchungaji wake, jirani, mchumba wa zamani: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Dhamana ya mkopo haikuwa shamba wala friji. Ilikuwa watu anaofahamiana nao, na wao hawakuulizwa kama wanakubali kuwekwa rehani. Mtaani mikopo ya namna hii tunaiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua ilikuwa njema, ingawa ilikuja baada ya watu wengi kudhalilishwa, na programu mpya huchukua siku chache tu kutengenezwa kwa jina jingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Ina tume yake. Kwa maandishi yake, kuchukua majina ya simu ya mtu na kuyatumia kumwaibisha kuna pa kushtakiwa. Ila mkopaji aliyekwishaaibishwa mbele ya mchungaji wake hana hamu ya kwenda kusimulia aibu ileile mbele ya ofisa, na wakopeshaji wanalijua hilo.

Tuje kwenye pesa zenyewe, kwa sababu hapa kuna habari ya kutia moyo ambayo tunaisahau. M-Pesa ilianza nchini 2008, zikafuata za kampuni nyingine. Kwa miaka ya mwanzo kila mtandao ulikuwa kisiwa. Kumtumia pesa mtu wa mtandao mwingine kulikuwa na mlolongo, kwa hiyo watu wakawa na laini mbili, tatu, na wakala akapanga simu mezani kama mtu anayeuza simu. Katika hali hiyo mkubwa anazidi kuwa mkubwa bila kufanya lolote: unajiunga naye kwa kuwa ndugu zako wako kwake, na ndugu zako wako kwake kwa kuwa na wewe uko kwake. Mwaka 2014 Tigo na Airtel zilianza kupokeana moja kwa moja, simu kwa simu. Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi zaidi na hivyo sababu ndogo zaidi ya kufungua mlango, iliingia 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Mwaka uliofuata, Machi 2017, tukaruhusiwa kuhama mtandao wa simu bila kupoteza namba.

Mambo haya mawili yalipita bila shangwe, lakini yaligusa mzizi. Hayakumwamuru mwenye mtandao awe mwema. Yalipunguza gharama ya kutoka. Anayejua unaweza kuondoka na namba yako, ukaendelea kupokea pesa kutoka kwa watu walewale, atakuheshimu hata kama hakupendi.

Serikali nayo iliona mahali ambapo kila mtu analazimika kupita. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya pesa za simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja. Zamani, kumtoza mama ntilie wa Buguruni na fundi wa Tandale kungehitaji jeshi la wakusanyaji. Sasa ilitosha kuzungumza na kampuni chache za simu, na usiku mmoja makato yakaanza nchi nzima. Sikatai kwamba barabara na zahanati zinahitaji kodi. Lakini urahisi ule ulipaswa kutuogofya, maana palipo na lango moja, anayelishika hana haja ya kumshawishi kila anayepita. Kilichozuia ni kwamba pesa taslimu ilikuwa bado ipo. Watu walirudi kubeba noti na kutuma hela kwa dereva wa basi. Kampuni za simu zikaripoti miamala kupungua. Ndani ya miezi miwili tozo ikapunguzwa asilimia 30, na mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Kelele zilisaidia, ila nadhani noti zilisaidia zaidi. Wanaoshangilia siku ambayo pesa taslimu haitatumika tena Dar es Salaam wajiulize tozo ile ingeshuka kwa njia gani kama siku hiyo ingekuwa imeshafika.

Kuhusu masharti ya kuingia, mfano mkubwa ni usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019. Lengo halikuwa baya. Nani hajapokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Lakini sharti la usajili lilikuwa namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na NIDA haikuwa imewafikia wote. Tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, foleni zikapinda kwenye ofisi za wilaya, kisha laini zikaanza kuzimwa. Asiye na namba ya NIDA hakushtakiwa kwa kosa lolote. Alikosa tu simu, na kwa kukosa simu akakosa pesa zake, wateja wake na taarifa za msiba kijijini. Adhabu ya namna hii haina hukumu wala rufaa, ndiyo maana ni rahisi kuitoa kwa maelfu kwa pamoja.

Mitandao hii yote, hata ile tunayodhani iko hewani, imelala chini mahali fulani. Dar es Salaam ni mojawapo ya mahali hapo: nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zinatua hapa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo zilikatika kusini, upande wa Afrika Kusini, na nchi ikakaa na intaneti ya kuchechemea. Kila mtu alielewa kuwa ni ajali. Lakini ajali ile ilituonyesha jinsi njia zilivyo chache, na njia zikiwa chache, wa kuzungumza nao pia ni wachache pale mtu anapotaka kuzifunga kwa makusudi.

Na zimefungwa kwa makusudi. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, tukajifunza kutumia VPN, programu za kupita pembeni ya kizuizi. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikataka watumiaji wa VPN wajisajili. Mei 2025 mtandao wa X, Twitter ya zamani, ukazuiwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, huku Dar es Salaam ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Aliyekuwa Kimara hakujua nini kimempata mwanawe Ubungo. Aliye ughaibuni aliona mambo yetu ambayo sisi tuliokuwa hapa hatukuyaona. Wengine watazungumzia siasa za siku zile, na zinastahili kuzungumzwa kwa kirefu na kwa ukweli kwa ajili ya waliokufa. Mimi nataka kubaki kwenye jambo moja: hatukusomewa amri. Hakuna aliyesimama kwanza akasema mimi, kwa cheo changu, kwa kifungu hiki, nimeamua kuzima kuanzia saa hii hadi saa ile. Amri ya kutotoka nje ilitangazwa, kwa hiyo inaweza kuhojiwa. Giza la intaneti lilishuka tu kama lilivyoshuka lile la nyaya za baharini, na ufanano huo ndio unaonitisha, kwa sababu unamruhusu mtu kufanya uamuzi mzito wa kisiasa ukaonekana kama hitilafu.

Ukiyaweka pamoja, dereva aliyefungiwa, mkopaji aliyeaibishwa, mwenye laini iliyozimwa na mzazi wa Kimara wanafanana katika jambo moja. Kila mmoja alitolewa au kuguswa na mtu asiyemwona, kwa sababu asizopewa, na hakuwa na pa kwenda kuuliza. Hatuwezi kurudi kwenye jiji la kabla ya mitandao wala sitaki. Simu imemwondolea mama wa Mbagala safari nyingi za bure kuliko wizara yoyote. Tunachoweza ni kuidai mitandao yale mambo ambayo hata kijiwe cha bodaboda kinayo.

LATRA ilitumia nguvu zake zote 2022 kubishania asilimia, ikashindwa. Ingeweza, na bado inaweza, kuandika masharti mengine kwenye leseni za kampuni hizi: dereva akifungiwa apewe sababu kwa maandishi na safari husika itajwe, awepo mtu Dar es Salaam mwenye uwezo wa kumsikiliza na kubadili uamuzi ndani ya siku zinazojulikana, na rekodi ya dereva, safari zake na nyota zake za miaka yote, iwe mali yake, aihamishe kwenye kampuni nyingine kama tunavyohama na namba zetu za simu tangu 2017. Kampuni haitaondoka nchini kwa sababu ya sharti la kutoa sababu, kwa kuwa halipunguzi kamisheni hata senti moja. Hilo la rekodi watalipinga kwa nguvu zote, na ukali wa upinzani wao utatuonyesha hasa faida yao inatoka wapi.

Na kwa intaneti ya nchi, ombi ni dogo kuliko hilo. Anayeagiza izimwe aagize kwa maandishi, jina lake na kifungu cha sheria vichapishwe siku hiyohiyo kwenye magazeti na redio ambazo hazijazimwa, na jaji awe na uwezo wa kuiangalia amri hiyo kabla haijamaliza saa 24.